Mjazo wa bata mzinga ukikukatalia: dalili, chanzo na namna ya kuuokoa

Mjazo wa mkate, ule unaotiwa tumboni mwa bata mzinga au kuokwa kando kwenye trei, hauna vitu vingi. Ni vipande vya mkate mkavu, kitunguu na selari vilivyokaangwa kwa siagi, majani ya kunukia kama seji na thaimu, supu, na yai la kushikanisha. Ukiharibika, watuhumiwa nao ni wachache, na wa kwanza kushukiwa awe maji. Ama mkate uliingia bakulini ukiwa bado na maji yake, ama supu ilizidi, ama ilipungua, ama ilimwagwa kwa pupa na haikupewa muda wa kupenya. Chumvi, majani na moto wa oveni vina makosa yao, na tutayafikia, lakini anayeanza kuhangaika na seji kabla hajaushika mkate wake mkononi anapoteza muda.

Ili tuelewane kwenye vipimo, nitachukulia mjazo wa kawaida: mkate gramu 450, siagi gramu 115, vitunguu maji viwili vikubwa, mashina matatu ya selari, supu mililita 600 na mayai mawili. Unaokwa kwenye trei yenye kina cha sentimita 5 hivi, oveni ikiwa nyuzi 175 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi): dakika 30 ukiwa umefunikwa kwa foili, kisha dakika 15 hadi 20 ukiwa wazi ili juu upate ukoko. Kama mapishi yako yana vipimo vingine si neno. Dalili ni zilezile.

Umekuwa bokoboko

Vipande vya mkate havionekani tena, kijiko kinatoka na donge linalonata, na katikati kuna ubichi hata baada ya saa nzima motoni. Chanzo karibu kila mara ni mkate ambao haukukauka.

Wengi huacha mkate mezani siku mbili, wakiugusa wanaukuta mgumu, wanaridhika. Lakini mkate uliolala na mkate uliokauka ni vitu viwili. Mkate ukilala, wanga wake hujipanga upya na kukakamaa huku sehemu kubwa ya maji ikiwa bado imo ndani. Ndiyo sababu slesi ngumu ya jana ukiipasha moto inalainika tena: maji hayakwenda popote. Mkate wa namna hiyo ukiumwagia supu hauna pa kuiweka. Unalowa nje, unameguka, na zile chembe zinazomeguka ndizo zinazogeuka gundi zikipata joto.

Usingoje mkate ukauke wenyewe. Ukate vipande vya sentimita 1.5 hadi 2, vitandaze kwenye trei bila kulundikana, uvikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 au 130 kwa dakika 45 hadi 60, ukivigeuza mara mbili tatu. Hutafuti rangi, unatafuta ukavu. Toa kipande kimoja, kiache kipoe kidogo, kisha kibonyeze: kikivunjika kwa mlio mpaka katikati, kimeiva, kikibonyea, kirudishe na wenzake. Jaribio hili halidanganyi, tofauti na saa ya ukutani, kwa sababu kila mkate unakuja na maji yake.

Aina ya mkate nayo ina usemi. Mkate laini wa slesi, ule wenye sukari na maziwa, hauna mwili wa kubeba supu. Ukilowa tu unasinyaa. Mkate mweupe wenye ganda na matundu ndani, uliookwa bila sukari nyingi, unanywa supu na bado unabaki na umbo. Ukiwa huna ila ule laini, ukaushe hadi mwisho, punguza supu kwa robo, na usiukoroge sana.

Na hapo kwenye kukoroga kuna kosa lenyewe. Mjazo hauchanganywi kama unga wa keki. Tumia mikono, au mwiko mpana, uwe unainua kutoka chini na kugeuza taratibu mpaka kila kipande kimepata supu, kisha uache. Anayekoroga kwa nguvu anausaga mkate akidhani anausaidia.

Kuna maji mengine ambayo hayamo kwenye hesabu ya mapishi. Uyoga una maji mengi. Ukitiwa mbichi unayamwaga yote ndani ya mjazo. Ukaange peke yake mpaka maji yatoke, yakauke, na uyoga uanze kupata rangi. Matufaha yaliyokatwa nayo hutoa maji, ingawa si kwa kiasi hicho.

Ukigundua kabla ya kuoka, ongeza vipande vikavu kiganja kimoja kimoja na usubiri dakika tano kila mara. Ukigundua baada ya kuoka, vunjavunja mjazo, utandaze kwenye trei pana zaidi, uuweke wazi kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 15. Hautakuwa ule uliouota, lakini ukoko ukiongezeka wageni wataula. Kama hata hapo umekataa, finyanga vibapa na uvikaange kwa siagi. Kusema kweli, vibapa hivyo ni vitamu kiasi kwamba wapo ambao wangevitengeneza kwa makusudi.

Umekauka, unakwama kooni

Hapa kosa ni kinyume, na tiba yake ni rahisi. Usiamini kikombe cha supu kilichoandikwa kwenye mapishi, amini mkono. Mimina theluthi mbili ya supu, geuza, ngoja dakika 10 hadi 15. Kisha chota mkono mmoja na ukamue: mjazo ushikamane, ubaki na alama za vidole, na usidondoshe tone. Ukiachia na ukasambaa, ongeza supu. Tone likitoka, umefika mwisho, au umepita.

Muda wa kungoja ndio unaorukwa na watu, hasa siku ya sikukuu jiko likiwa na sufuria nne na mtu mmoja. Supu inayomiminwa na mjazo kuingia oveni papo hapo inateremka chini ya trei. Matokeo yake unapata shida mbili kwa sahani moja: juu pakavu, chini palipolowa. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, usiongeze wala usipunguze supu mara ijayo, ongeza subira.

Sababu nyingine ni foili kutolewa mapema, au trei pana mno yenye tabaka jembamba la mjazo. Mjazo uliokwisha kukauka unaokolewa kwa supu ya moto: nyunyizia vijiko vichache vya chakula huku na huku, funika foili ikaze pembeni, rudisha kwenye oveni dakika 10. Usimwage supu mahali pamoja.

Juu umeungua, ndani baridi

Kina cha trei kimezidi, au oveni ni kali mno kwa sababu inamhudumia ndege na mjazo kwa wakati mmoja, au mjazo umetoka friji moja kwa moja. Ukizidi sentimita 6 za kina, gawa kwenye trei mbili. Ukiwa umetoka friji, ongeza dakika 15 au 20 za kipindi cha kufunikwa. Kama chombo chako ni cha kioo, usikitoe friji na kukitupa kwenye oveni ya moto, kinaweza kupasuka. Kiache nje kidogo kwanza.

Nyama imeiva, mjazo ulio tumboni bado

Haya mengine ni ya ladha. Hili ni la afya.

Bata mzinga mbichi anaweza kuwa na bakteria kama Salmonella na Campylobacter. Akianza kuiva, maji yake yanachuruzika na kunywewa na mkate ulio tumboni. Kuanzia hapo mjazo huo si mkate tena kwa upande wa usalama, ni nyama mbichi ya ndege, na lazima katikati yake pafike nyuzi 74 kama nyama yenyewe. Tatizo ni kwamba tumbo ndilo mahali pa mwisho kupata joto. Kidari kinafika nyuzi 74 wakati kiini cha mjazo kiko 60 au chini yake. Ukitoa ndege kwa kuangalia nyama, unawapa watu mjazo mbichi. Ukingoja mjazo, kidari kinakuwa kikavu kama mbao. Hakuna ujanja wa kuufuta kabisa mvutano huu, ila unaweza kuupunguza.

Kwanza, usishindilie. Kiasi kinachofaa ni takribani mililita 180 za mjazo, yaani robo tatu ya kikombe, kwa kila gramu 450 za uzito wa ndege. Ndege wa kilo 5 anabeba kama lita 2. Mjazo unaovimba kwa mvuke unahitaji nafasi, na ulioshindiliwa joto haliupenyi. Kinachobaki kioke kwenye trei.

Pili, mjazo uingie ukiwa wa moto, mboga na supu vikiwa vimetoka jikoni dakika ileile, na ndege aingie oveni mara tu baada ya kujazwa. Kumjaza usiku na kumlaza friji ili asubuhi kazi iwe nyepesi ni hatari: kiini cha mjazo kinapoa polepole mno, na kinakaa saa nyingi kati ya nyuzi 4 na 60, ambako bakteria huzaana kwa kasi. Ndege ambaye barafu haijamwisha tumboni naye asijazwe.

Tatu, soseji, maini, firigisi na chaza viive kabisa kabla ya kuchanganywa. Na supu punguza, kwa kuwa ndege ataongeza ya kwake. Anza na robo tatu ya kiasi ambacho ungetumia kwenye trei.

Nne, kipimajoto. Ncha yake iende katikati kabisa ya mjazo, isiguse mfupa. Rangi na mvuke havikuambii kitu. Kama huna kipimajoto, usijaze ndege. Oka kwenye trei.

Sasa ndege yuko mbele yako, kidari na paja vimefika 74, mjazo uko 62. Usimrudishe ndege oveni. Chota mjazo wote, uweke kwenye trei, uingize oveni peke yake mpaka ufike 74, huku ndege akipumzika mezani kama ambavyo angepumzika hata hivyo. Hakuna atakayejua, na ukoko utaupata bure.

Maoni yangu ni kwamba kumjaza ndege hakulipi usumbufu wake. Wanaotetea hoja ya ladha wana haki: mjazo wa tumboni una utamu wa nyama ambao supu ya kawaida haifikii. Lakini utamu huo unaweza kuupeleka kwenye trei. Panga mabawa au shingo ya ndege juu ya mjazo wakati wa kuoka, mafuta na maji yake yateremke humo, na uhakikishe vyote vimefika nyuzi 74. Au mwagia vijiko viwili vitatu vya mafuta ya moto yaliyodondoka kwenye trei ya ndege. Tumboni weka kitunguu na ndimu tu, vya harufu, vitupwe baadaye.

Kama ndege atakaangwa kwenye mafuta, atachomwa juu ya mkaa, au atapikwa kwa maikrowevu, mjazo usiingie tumboni kwa hali yoyote.

Kitunguu na selari vinatafunika vibichi

Mboga hazilainiki kwa joto lilelile linaloivisha nyama. Kinachoshikilia ugumu wao ni pektini, nayo huanza kulegea vizuri kwenye nyuzi 85 hivi. Kiini cha mjazo kinatolewa kikiwa 74. Kwa hiyo kitunguu kilichoingia kigumu kitatoka kigumu, uoke saa moja au mbili. Kaanga mboga kwa siagi, moto wa wastani, pamoja na chumvi kidogo ya kuzitoa maji, dakika 10 hadi 15 mpaka kitunguu kiwe laini na kiwe kama kioo. Anayeona dakika tano zinatosha atakutana nazo mdomoni.

Hauna ladha, au una ladha isiyotakiwa

Mjazo uliopooza mara nyingi ni matokeo ya kitunguu kilichokaangwa haraka na supu nyepesi kama maji. Majani ya kunukia hayawezi kuziba pengo hilo. Chemsha shingo na firigisi za ndege huyohuyo kwa saa moja na nusu pamoja na kitunguu na karoti, chuja, ndiyo supu yako.

Chumvi ikizidi, hesabu ilikoingilia: supu ya dukani ina chumvi, siagi inaweza kuwa ya chumvi, mkate una chumvi, soseji ina chumvi, na ndege aliyelazwa kwenye maji ya chumvi anadondosha maji ya chumvi. Kila moja peke yake haina neno. Tumia siagi na supu zisizo na chumvi, halafu onja mchanganyiko kabla ya kutia mayai mabichi, kwani baada ya hapo kuonja si salama. Ukigundua wakati huo, ongeza mkate mkavu na supu isiyo na chumvi. Ukishaoka, kilichobaki ni kuuandamanisha na mchuzi usiotiwa chumvi kabisa.

Ladha chungu inayofanana na dawa ni seji iliyozidi, na hasa seji kavu iliyopimwa kama mbichi. Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kinatosha mahali pa kijiko kimoja cha chakula cha majani mabichi, yaani theluthi moja. Seji ya unga ina nguvu zaidi tena. Rozmari nayo usiiachie. Sindano zake zikatwe ndogo sana, la sivyo zinachoma ufizi. Yatie majani kwenye siagi dakika ya mwisho ya kukaanga mboga: harufu inafunguka kwenye mafuta, lakini hayaungui.

Mafuta yakielea pembeni mwa trei, mkosaji ni soseji. Ikaange kwanza, itoe kwa kijiko chenye matundu, mwaga mafuta yote isipokuwa vijiko viwili vya chakula, na mafuta hayo yahesabu kama sehemu ya siagi. Mkate uliokwisha kujaa mafuta haunyonyi supu, kwa hiyo unaweza kuwa na mjazo wenye mafuta na mkavu kwa pamoja, jambo linalowachanganya watu.

Unasambaa, au una vipande vya yai

Mjazo unaosambaa sahanini umekosa yai au umekosa supu. Fanya jaribio la mkono kwanza. Kama mkono unasema supu inatosha, ongeza yai. Mayai mawili kwa gramu 450 za mkate yanashikanisha bila kuugeuza mjazo kuwa keki. Matatu unaweza kuukata kwa kisu. Wapo wanaoupenda ukiwa umeachana, na hao hawana tatizo la kutatua.

Vipande vyeupe vya yai lililoganda vinatokana na mayai kumwagwa kwenye mboga na supu vya moto mkali. Piga mayai pembeni na supu iliyopoa kiasi cha kuvumilika kwa kidole, kisha changanya. Kwa mjazo unaoingia tumboni, ambao nimesema uwe wa moto, sehemu ya supu ipoze upige nayo mayai, na iliyobaki iende ya moto kwenye mkate kwanza.

Kuutayarisha mapema, na ule unaobaki

Mkate uliokaushwa unakaa siku kadhaa kwenye chombo chenye mfuniko, mradi umepoa kabla ya kufunikwa. Ukifunikwa na joto lake unatoa jasho na kulainika. Mboga zilizokaangwa zikae friji usiku mmoja. Vikavu na vya majimaji vikutane siku ya kuoka tu. Ukivichanganya jana yake, leo utakuta donge lililolowa sawasawa, halina kipande kilichobaki na umbo lake, na tumesharudi kwenye bokoboko.

Baada ya kula, mjazo wote utolewe tumboni mwa ndege, usiachwe humo kwa sababu mifupa bado ina nyama. Ndani ya saa mbili uwe friji, kwenye vyombo vifupi ili upoe upesi. Unafaa kuliwa ndani ya siku tatu au nne. Wakati wa kuupasha, nyunyizia supu kidogo, funika, oveni nyuzi 175, mpaka katikati pafike 74 tena. Dakika tano za mwisho toa foili kama unataka ukoko urudi.